Senge, Damu Imerudi Baada ya Miezi Kumi na Minne

Kitale, Jumamosi, tarehe 12 Julai. Ukungu tangu alfajiri, mzito, hata mparachichi ulio mbele ya jikoni hauonekani. Baridi. Mvua hakuna.

Mpendwa Senge,

Watoto wangu, ambao hawakukuona, wanasema shangazi kama walivyofundishwa shuleni. Mimi nimeshindwa. Kwetu Bungoma dada ya baba ni senge, na senge ndiye anayemwambia msichana yale ambayo mama yake mzazi hawezi kuyasema bila kuangalia pembeni. Wewe uliniambia yote, isipokuwa jambo moja. Ni kwa sababu ya hilo moja kwamba nimekaa mezani leo na daftari badala ya kwenda kufungua duka.

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka shule, Kimilili, nikiwa kidato cha kwanza, sweta nimeifunga kiunoni ingawa kulikuwa na baridi. Ulikuwa unashona sare za watoto wa shule. Hukuniuliza kitu. Ulisimamisha cherehani, ukachukua flana mpya ambayo mteja hajaijia, ukakata vipande sita na kuvipinda kingo. Nikasema matambara ya zamani yangetosha. Ukasema, "Mtoto wa kaka yangu hatavaa matambara." Kisha ukanipa daftari dogo kama lile uliloandikia vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, ukaniambia niandike tarehe. "Usipoandika mwili utakudanganya, na wewe utaudanganya pia."

Nimeandika tangu siku hiyo. Madaftari yamejaa sanduku la bati chini ya kitanda. Baba Wafula, mume wangu, anasema siku nitakapokufa watu watajua hali ya hewa ya Kitale kuliko watakavyonijua mimi. Mimi huandika mvua, wageni, watoto walipougua, na pembeni alama zangu ambazo mtu mwingine hawezi kuzisoma. D ni damu. J ni joto. U ni usingizi uliokatika.

Hilo joto hukuniambia habari zake, Senge, lakini uliishi nalo mbele ya macho yangu. Nilikuwa kidato cha tatu. Uliweza kuacha sare ikiwa na mkono mmoja, utoke nje haraka mpaka kwenye tangi, ufungue bomba na kuweka vifundo vya mikono chini ya maji. Uso unang'aa jasho, leso imelowa mgongoni. Wateja wakiuliza, ulisema ni pasi ya makaa. Siku nyingine pasi ilikuwa haijawashwa, nami nilikuwa nimekaa kando yake nikifanya hesabu, nikajua, nikanyamaza. Siku za soko alikuja mama mmoja kutoka Saboti na mzizi uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Uliuchemsha mpaka nyumba ikanuka gome bichi. Nilipouliza ukasema ni dawa ya mgongo.

Langu lilianza miaka mitatu iliyopita, dukani. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ya viwavi nikimweleza mzee mmoja jinsi ya kupima, joto likapanda kutoka kifuani hadi masikioni kama mtu amenifunika blanketi la moto. Mzee akarudi nyuma hatua moja akaniuliza kama dawa imemwagika. Nikamwambia hapana baba, ni homa. Ndiyo nilianza kusema uongo wa pasi, kama wewe.

Usiku ilikuwa mbaya zaidi. Natupa blanketi, navuta blanketi. Baba Wafula akasema analala na jiko la makaa ambalo halipiki kitu. Tulicheka. Baada ya miezi miwili akahamia chumba cha wavulana, ati kwa muda, kwa sababu anaamka saa kumi kukamua ng'ombe, na hapo sikucheka. Dukani nilianza kusahau. Nilimpa mteja mbegu ya mahindi ya nyanda za chini, mtu wa Endebess huko juu kwenye baridi. Alipoirudisha, akasema kwa upole tu, "Mama, hii si ya kwetu," nilienda stoo nikalia juu ya magunia. Kwa sababu ya paketi ya mbegu. Niliandika: J tisa, U tatu, nimelia bila sababu.

Hedhi ya mwisho nilikuwa nimeiandika tarehe 3 Februari mwaka jana. Miezi ikapita, ukurasa baada ya ukurasa bila D. Nikasema sawa, huo ni mwisho. Sikuwa na huzuni. Nilitaka tu kulala.

Januari mwaka huu nikaanza vidonge. Katika chama chetu cha akina mama wa kanisa kuna Mama Shiku, ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri na kununua shamba. Ni mtu wa kusema, mkarimu, hawezi kuona mtu amekunja uso bila kuuliza. Anauza vikopo vya vidonge vya mizizi ya ng'ambo. Akaniona nikijipepea na kitabu cha nyimbo akanivuta nje. Akaniambia yeye mwenyewe alikuwa hivyo, alitaka kumuua mtu kila asubuhi, na sasa nimwone. Nikamwambia nina presha, nameza tembe za kliniki. Akasema, "Mama Wafula, hii si dawa. Ni chakula. Nani alikatazwa chakula kwa sababu ya presha?"

Nilifuata kwa utaratibu, kama unavyonijua. Viwili asubuhi, viwili jioni, nikaandika. Februari nikaongeza uji wa soya na simsim kwa sababu mwingine katika chama alisema unarudisha kile mwili umepoteza. Machi nikamkumbuka yule mama wako wa Saboti. Nikaenda huko Jumamosi moja, nikauliza, nikaelekezwa kwa binti yake, naye ni mama mzima sasa, na anauza mzizi uleule. Niliponusa tu, Senge, nilisimama hapo sokoni nikiwa na miaka kumi na saba tena.

Sitasema havikufanya kazi. Hiyo ndiyo shida ya kueleza jambo hili. Alama ziko kwenye daftari: J tisa kwa siku, kisha sita, mwisho wa Machi tatu. Nililala hadi kengele ya kanisa. Nikaacha kulia. Siku moja Baba Wafula alinikuta naimba nikiosha sufuria, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

Kliniki ya presha nilienda kila mwezi bila kukosa. Kila mwezi nesi aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Kila mwezi nikasema hakuna. Sikuhisi kama ninamdanganya. Aliuliza dawa, nami nilikuwa ninakula chakula.

Tarehe 9 Aprili nikaandika D.

Kidogo tu, ya rangi ya kutu. Siku tatu ikaisha. Mei ikarudi, ikakaa wiki. Nilimwambia Mama Shiku faraghani, baada ya ibada, na akafurahi kwa moyo wake wote. Akanishika mikono. Alisema ni dalili kwamba kinafanya kazi, kinasafisha kizazi, uchafu wa miaka unatoka. "Umerudi usichana wewe, chunga usipate mimba tucheke." Nilicheka naye. Nilimwamini, na nitakuambia kwa nini: kwa sababu neno lile, kusafisha, nilikuwa nimelisikia kwako kwanza.

Hapo ndipo nilipaswa kujua, mimi kuliko mtu yeyote. Kazi yangu hukuiona: nauza mbegu na dawa za shamba. Kila msimu anakuja mkulima amebeba jani lililoungua, amekasirika, anataka kujua dawa gani iliharibu shamba. Namuuliza umepiga nini. Ananiambia alichanganya ya viwavi, ya ukungu na mbolea ya majani, zote katika pampu moja, ili asirudi shambani mara tatu. Na mimi, nikiwa nyuma ya kaunta na kalamu yangu, humwambia: sasa nitakuambiaje ni ipi? Nimesema maneno hayo labda mara mia. Nyumbani nikaweka vidonge, soya na mzizi wa Saboti katika pampu moja, juu ya tembe za presha, na nilipoona jani limebadilika nikasema shamba linasafishwa.

Juni akaja Nanjala. Ni binti wa kaka yangu Simiyu. Hukumwona, alizaliwa wewe umeshaenda. Ni nesi huko Bungoma, na Desemba anaolewa. Mimi ndiye senge wake. Alikuja alale kwangu siku mbili nimwambie mambo ya ndoa, kama ulivyoniambia mimi usiku ule kabla ya harusi ya binamu yangu, ukiwa umelala chali unacheka peke yako kabla hujasema kitu. Nilijitahidi. Mtoto huyo amesomea mwili wa binadamu miaka mitatu, na bado alikaa kwenye mkeka akaniinamia kichwa, akanijibu "ndiyo senge" hata nilipokosea majina ya vitu. Kuna mahali aliuma midomo asicheke. Nilimwona nikajifanya sikumwona.

Nikafika sehemu ya kuandika tarehe. Nikamwambia hili nilipewa na senge wangu, nawe nakupa. Nikafungua mwenyewe, kwa mikono yangu, daftari la mwaka jana na mwaka huu, nikamwekea mapajani nimwonyeshe jinsi ya kupanga. Nilikuwa na majivuno, Senge. Nikamweleza alama.

Alisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akarudi nyuma mpaka mwaka jana. Akahesabu kwa kidole.

"Senge, hapa kuna miezi kumi na minne hakuna kitu. Halafu hii ni nini?"

Nikamwambia ni vidonge, vinasafisha.

"Nani alisema vinasafisha?"

Unajua mpwa hamwulizi senge namna hiyo. Alijua pia, kwa sababu aliziba mdomo kwa kiganja. Lakini hakuomba msamaha. Alisema polepole, akiangalia mkeka, kwamba mwanamke akimaliza mwaka mzima bila hedhi, damu ikirudi, hata tone, hakai nayo nyumbani. Mara nyingi huwa si kitu kibaya. Huenda ni hivyo vidonge, vingine vinaamsha kizazi kilicholala. Huenda ni kitu kingine. Lakini anayejua ni aliyepimwa.

Nilikasirika. Nilimwambia alikuja kufundishwa, si kufundisha. Akasema ndiyo senge. Tukala ugali na sukuma, na asubuhi alipoondoka akanisalimu kwa mikono miwili akaniambia siku ambayo daktari wa akina mama huwa kwenye kliniki yao. Nikamwacha asubiri wiki tatu.

Alhamisi hii nilienda. Nilichagua Bungoma ili nisionane na mtu wa kanisa kwenye benchi. Nanjala aliomba ruhusa akaingia nami. Daktari ni kijana, anaweza kuwa mwanangu, mpole, aliangalia karatasi zake ili nisione haya. Akauliza damu ilianza lini.

Nikasema wiki mbili.

Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa na daftari ndani ya mkoba, kwenye magoti yangu. Tarehe 9 Aprili, imeandikwa kwa wino. Mdomo ukasema wiki mbili, kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayesema kweli. Na mara hiyo nikajua niliisikia wapi sauti ile.

Senge, sijawahi kuandika habari za siku ile katika daftari lolote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba alikupeleka hospitali ya Bungoma kwa gari la kukodi, mimi nikaenda kukushika. Ulikuwa mwepesi, gauni limekushinda. Daktari akauliza, mama, umetoka damu tangu lini? Ukasema wiki mbili. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani pa kitanda. Nilijua ni zaidi ya mwaka, kwa sababu ni mimi niliyeanua nguo. Nilikuwa nimeona vitambaa ulivyovificha chini ya shuka kwenye kamba, mwezi baada ya mwezi, na siku moja nilipokuuliza ulisema, "Ni ya mwisho hiyo, inasafisha njia." Nilikuwa hata nimeziandika, pembeni, tarehe zako pamoja na zangu, bila kujua kwa nini. Daktari akaandika wiki mbili. Akainua macho akaniangalia kama anayeuliza. Na mimi nikaangalia dirisha, kwa sababu ulikuwa senge wangu, na mtoto hamsahihishi senge mbele ya mwanamume mgeni.

Sijui kama ningesema ungepona. Nimejiuliza mpaka nikachoka. Pengine ulikuwa umechelewa tayari. Lakini siku arobaini zile za mwisho hospitalini walikutibu kwa ugonjwa wa wiki mbili. Na kwenye mazishi mzee wa kanisa akasoma kwamba uliugua tumbo kwa muda mfupi, na watu wote wakaitikia, nami nikaitikia.

Basi kule kliniki naye daktari akaanza kuandika. Nanjala alikuwa amesimama kando ya mlango. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Nilidhani ataangalia dirisha.

"Daktari, si wiki mbili," akasema. "Senge ana daftari. Ni tangu Aprili."

Kisha akanigeukia mimi, si daktari, akaniambia kwa Kibukusu nimsamehe. Nikatoa daftari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza J ni nini, U ni nini, na hakucheka. Aliniuliza vidonge. Nikataja vyote, na soya, na mzizi, na tembe za presha. Akasema natakiwa kuacha vyote isipokuwa tembe, kwa sababu hawezi kujua kipi kinafanya nini vikiwa pamoja. Nikamwambia najua. Alishangaa kidogo nilivyojibu haraka.

Wakanipiga picha ya tumbo. Utando wa ndani ya kizazi umenenepa kuliko inavyotakiwa katika umri wangu. Wakachukua kipande kidogo, iliuma, si sana, Nanjala akanishika mkono. Kimepelekwa maabara. Majibu ni Ijumaa ijayo. Daktari hakuniahidi kitu, nami nilimshukuru kwa hilo.

Hivyo ndivyo nilivyo leo. Joto limerudi, mara saba jana, kwa sababu nimeacha vile vidonge. Nina hofu ambayo haikai mahali pamoja. Iko tumboni, halafu iko kwenye meno. Nimemwambia Baba Wafula. Alizima redio. Akasema Ijumaa tutaenda pamoja, ng'ombe watakamuliwa na jirani. Mama Shiku sijamwambia, na lazima nimwambie kabla ya Jumapili ijayo, kwa sababu kuna mwingine kwenye chama, mkubwa kuliko mimi, ambaye nilimsikia akisema naye anasafishwa. Sina hasira na Mama Shiku. Alinipa alichokuwa nacho, kama yule mama wa Saboti alivyokupa wewe. Ningependa tu mtu angekuambia wewe, au wewe ungeniambia mimi, kwamba hili lina jina, linawapata wanawake wote, na kwamba kuna sehemu yake ya kuvumiliwa na sehemu ya kukimbilia hospitali.

Nilikuwa na hasira na wewe Alhamisi jioni. Nilikaa kwenye kitanda cha Nanjala huko Bungoma nikakuhesabia makosa. Imeisha. Ulikuwa na miaka hamsini, mjane, na cherehani moja, na watu wangesema. Hukuwa na senge wa kuuliza.

Kuna kitu nilisahau kukuambia. Kabla ya kutoka, nesi alinipa fomu nijaze. Mstari mmoja uliuliza kama kuna mwanamke wa ukoo upande wa baba aliyewahi kuugua kizazi. Kaka yangu Simiyu angeandika hapana, na angekuwa anasema anachokijua. Nilikaa na kalamu. Nanjala aliona nimekwama hapo, akadhani sielewi swali, akaanza kunifafanulia. Nikamwambia naelewa.

Nikaandika: ndiyo, shangazi. Chini yake waliuliza ulikuwa umeugua kwa muda gani kabla ya kufika hospitali. Nikaandika mwaka mmoja na miezi miwili. Nanjala akasoma begani kwangu. Hakuwa amewahi kuambiwa. Akauliza jina lako, lile la nyumbani, nikamwambia, na njia nzima kutoka pale hadi stendi nilimsimulia.

Ubaki salama ulipo, Senge. Ijumaa nitasema kweli, lolote watakaloniambia.

Wako,
binti ya kaka yako.

Jumapili asubuhi: jana usiku usingizi ulinichukua saa saba kasoro robo.